Mtoto Aliyepewa Jina la Honorable

Blukwa, 18 Septemba 2006

Mdogo wangu Anaclet,

Gari la parokia linashuka Bunia asubuhi hii, na dereva amenipa muda wa kuandika mpaka chai yake iishe, kwa hiyo usiulaumu mwandiko. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Juma hili nimetembea vijiji vinne kwa somo la kura la parokia, na lile boksi langu la katoni kwapani, lile nililolitoboa juu ili liwe sanduku la kura, na kila ninapofika watu wananitazama kama nimekuja kukusanya mchango wa matanga.

Wamechoka, Anaclet. Desemba walipiga kura ya katiba, Julai wakapiga tena, na sasa tunawaambia warudi tarehe 29 Oktoba, kwa rais na kwa wabunge wa jimbo watakaokaa Kisangani. Muzee mmoja aliniuliza mbele ya watu wote: "Madame, hii kura iko sawa dawa ya minyoo? Mupaka mara tatu ndiyo inakamata?" Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaendelea na somo.

Wasiochoka ni wale wanaoomba hizo kura. Wanapanda huku na chumvi, na sabuni, na tisheti zenye sura zao. Wengine wanachukua kadi za watu, wanasema wanazitunza, na kwamba utarudishiwa yako siku ya kura ukishapanda lori lao. Mimi nawaambia watu kadi ni yako, ndiyo kitambulisho chako, usimpe mtu. Walimu wenzangu wanawaambia: kula chumvi ya mtu, halafu mchague unayemtaka. Mimi hilo sitalisema. Mkono uliokwisha kupokea hauandiki wenyewe.

Halafu nawapa mfano wa kwetu. Nawaambia: sisi tulikimbia vita, tukapoteza nyumba, tukapoteza ng'ombe wa baba, lakini hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekula kitu cha mgombea. Hapo ndipo wanapoanza kusikiliza. Maneno ya kitabu hawayataki, lakini baba yetu walimjua.

Bénédicte yuko namna gani? Siku zake zimekaribia, usimwache abebe maji. Na shida yoyote ikija, uniandikie mapema. Mtamba wa baba, yule mmoja aliyebaki, yuko mzima huku na amenona. Tukibanwa kabisa tutamuuza, ndiyo maana yuko. Usikae na shida kifuani kama kawaida yako.

Dereva ameweka kikombe chini.

Dada yako,
Léonie


Bunia, 10 Oktoba 2006

Yaya Léonie,

Najua nimekaa kimya na najua umekwisha kunigombeza moyoni, basi hiyo sehemu tuiruke. Nina habari, na habari yenyewe inalia hapa kando yangu ninapoandika. Ni mtoto wa kiume. Alizaliwa tarehe 25 Septemba. Alikuwa amelala vibaya tumboni, ikabidi Bénédicte apasuliwe. Nilimkimbiza kwenye ile kliniki ya watu binafsi kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na damu ilikuwa inamtoka. Walikaa kule siku kadhaa. Sasa wako hapa nyumbani Mudzipela, wote wawili wazima. Mtoto ana masikio ya baba, maskini.

Kuhusu malipo usijisumbue. Tulijipanga, na watu walitusaidia. Usimuuze mtamba, nakuomba. Usije pia, unayo kazi, na njia siyo nzuri.

Mimi niko. Siku hizi sibebi abiria wa Marabo, mvua imeharibu barabara. Nazunguka na pikipiki mjini humu tu, nabeba wamama wa sokoni na mizigo yao ya majani ya sombe. Inatosha kwa bugali.

Jina la mtoto bado tunalifikiria.

Bénédicte anakusalimu. Amechoka kidogo, hasemi sana.

Mdogo wako,
Anaclet


Blukwa, 14 Oktoba 2006

Anaclet, baba mzima!

Nilisoma barua yako nimesimama barabarani nikapiga kelele mpaka wachungaji wakakimbia kuja kuona kama nimeumwa na nyoka. Mungu asifiwe. Mwambie Bénédicte asiiname, na asile baridi, na wewe ujifunze kuchota maji, hutakufa.

Jina mnalifikiria nini? Jina lipo. Mtoto wa kwanza wa kiume katika nyumba yetu tangu baba afariki ni Emery kama yeye. Muzee alikuwa na nyumba, na ng'ombe, na nasaba. Vyote vimekwenda. Jina ndilo hawakuweza kulibeba.

Na hao watu waliosaidia ni akina nani? Niandikie majina yao niwashukuru kama inavyotakiwa. Hujaniambia. Na tangu lini wewe unaogopa mvua? Wewe uliyevuka matope ya Marabo ukiwa umebeba mbuzi wawili na kasisi? Una jambo, Anaclet. Au pikipiki imekufa na unaona aibu?

Nikusimulie ya huku. Juzi, baada ya somo langu, alisimama mama mmoja anaitwa Dorothée, mjane, anauza viazi soko la Fataki. Mdomo wake ni mkali, watu wanamwogopa. Akasema: "Madame, weye unasema tukatae vitu vyao. Ni muzuri. Lakini kama mutoto wangu iko ku hopitali, siko na kitu, na ule mutu wa propagande iko na kitu, nimukatalie? Nimuangalie mutoto akufe juu ya kura?"

Watu wakaguna. Nami nikamjibu. Nikasema, mama Dorothée, kwanza mtu anauza mbuzi, anauza shuka, anawaamsha ndugu zake. Anayeanza kwa mgombea ni yule aliyekuwa anatafuta sababu. Nikamwambia tena, mimi mdogo wangu huko Bunia amepata mtoto kwa kupasuliwa juzi juzi, na hakwenda kwa mtu wa siasa, alikwenda kwa watu wake. Alikaa chini. Nilirudi nyumbani nimejaa, nikisema leo angalau neno limeingia.

Basi niandikie hayo majina.

Dada yako, shangazi sasa,
Léonie


Blukwa, 20 Oktoba 2006

Anaclet,

Sikungoja barua yako. Leo Dorothée amekuja kwenye somo na karatasi mkononi. Ni zile karatasi za Théodore, huyo mnayemwita Honorable hata kabla hajachaguliwa, zinagawiwa soko la Fataki pamoja na sabuni. Juu kuna picha yake anacheka. Chini kuna picha ya wanawake wamesimama mlangoni mwa kliniki, na imeandikwa kwamba Théodore ndiye aliyewatoa. Mbele kabisa ni Bénédicte amebeba mtoto. Wewe uko nyuma yake umeinamisha kichwa, lakini masikio yale nani asiyeyajua?

Dorothée hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Aliniwekea karatasi juu ya boksi langu akasema, "Madame, aba si beko wa kwenu?" yaani, hawa si ndugu zako? Kisha akasoma kwa sauti maneno yaliyo chini ya picha. Mtoto amepewa jina Théodore.

Walicheka, Anaclet. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu waliokuwa wanajua tangu mwanzo. Muzee wa dawa ya minyoo alinishika mkono akaniambia nisihangaike, kila mtu anakula. Nilikunja karatasi zangu nikaondoka. Vijiji viwili vya kesho sitakwenda. Nitakwenda kuwaambia nini?

Nimekuwa nikisimama mbele ya watu mwezi mzima nikilitumia jina la nyumba yetu, na wewe ulijua. Ulinificha ni nani aliyelipa. Ukaniandikia mambo ya mvua.

Mimi sina hasira ya chumvi wala ya karatasi. Nina hasira kwamba ulinidanganya, na kwamba umempa mtu wa kununua kura jina la mtoto wetu, wakati baba hana hata kaburi lenye msalaba.

Nijibu, au usinijibu.

Léonie


Bunia, 22 Oktoba 2006

Yaya,

Nakujibu. Na leo nitaandika yote, halafu unihukumu.

Kliniki ile haimwachii mama asiyelipa. Wewe unajua zipo za namna hiyo, ila mtu halijui vizuri mpaka awe na mtu wake ndani. Siku ya nne walimtoa Bénédicte kitandani kwa sababu kitanda ni cha anayelipa. Wakamlaza kwenye korido juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine sita, wote wamekwisha kuzaa, wote wanadaiwa. Mlangoni kuna sentineli anayewajua kwa sura. Akienda chooni anasindikizwa. Walikaa hivyo mpaka tarehe 8. Kidonda chake kilianza kunuka, na dawa hawatoi mpaka ulipe za kwanza.

Unasema mtu auze mbuzi, aamshe ndugu. Niliuza redio. Niliuza magodoro. Niliamsha ndugu wote tulio nao mji huu, na unajua wanavyoishi, nusu yao wanalala kwenye nyumba zisizo zao. Pikipiki siyo yangu, ningeiuza pia. Nilibaki na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho kilikuwa kwako huko, na nikasema hapana. Yule mtamba ndiye wa mwisho wa ng'ombe wa baba. Ukimwondoa, siku ukitaka kurudi kuishi kwetu utaanza na nini? Nilisema heri nimeze aibu mimi kuliko wewe ubaki mikono mitupu. Ndiyo maana sikukuandikia. Kama ni uongo, ni huo.

Akaja Ambroise, yule anayemfanyia Théodore kazi. Alikuja na mpiga picha. Akasema Honorable atawalipia wanawake wote saba. Kwanza kadi zetu, za mume na mke, "juu ya kuandika majina." Halafu akaangalia watoto akasema, "Honorable iko anaomba kitu moja tu. Ule mwanaume, awe ndoyi yake, jina moja na yeye. Mama anatoka leo leo." Nilimwangalia Bénédicte. Alikuwa ameangalia ukuta. Yaya, nilisema ndiyo kabla Ambroise hajafunga mdomo.

Sasa umejua kwa nini siendi Marabo. Sina kadi. Kwenye bariere ya askari bila kadi unashushwa, na unajua wanavyomwuliza mtu asiye na kadi yeye ni wa kabila gani. Kwa hiyo nazunguka sokoni.

Maneno yako ni mazuri. Nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Lakini mkono mtupu haulambwi, Yaya, na maneno hayafungui mlango wa kliniki. Théodore nimjuavyo mimi ni mwizi. Lakini alikuja, kwa mkono wa Ambroise.

Anaclet


Blukwa, 25 Oktoba 2006

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Sasa nami niandike.

Hakuna mtamba. Hayupo tangu Julai. Juma moja kabla ya kura walipita watu wenye bunduki asubuhi, sijui wa upande gani, na siku hizi kuuliza hakumsaidii mtu. Walimfungua mbele yangu. Mmoja wao alikuwa na adabu, aliniambia pole.

Sikukuandikia. Nilisema Anaclet atahangaika, atataka kupanda huku, na njiani atakutana nao. Kisha nikaona ni vizuri kwako kuamini kwamba kuna kitu kimebaki. Mimi mwenyewe nilipoandika kwamba amenona nilikaribia kuamini. Kwa hiyo ungeniandikia ukiwa kliniki, ningekujibu nini? Ningekuletea boksi la katoni. Wewe ulimeza aibu ili kumlinda ng'ombe ambaye nilikuwa nimekwisha kunyang'anywa. Na mimi ndiye niliyekuambia yupo.

Nisamehe. Ninaandika neno hili polepole kwa sababu sikuzoea kuliandika, mimi ni mkubwa wako na ni mwalimu.

Jana nilikwenda kwa Dorothée. Nilimkuta anachagua viazi, vilivyooza upande huu, vizima upande huu. Nikamwambia, swali lako lilikuwa la kweli na mimi nilikujibu kama mtu aliyeshiba. Hakuinua macho. Akasema, "Bon. Saidia kuchagula." Tukachagua viazi mpaka mvua ikatutoa.

Sitakugombeza tena kwa kliniki. Pale mtu yeyote angesema ndiyo, na nadhani mimi ningesema haraka kuliko wewe. Lakini bado kuna jambo moja, Anaclet, na nakuomba kama dada. Alichokulipia ni mlango. Kura hajailipia, kwa sababu haiuzwi, hata ukitaka kuiuza huwezi kuithibitisha. Nenda ukaidai kadi yako. Ukipewa, ingia kwenye kile kibanda, na mle ndani hakuna Ambroise, hakuna picha, hakuna mtu anayekuona. Yule mwalimu wa Nyakasanza tuliyemzungumzia Pasaka, asiyegawa hata kiberiti, jina lake liko kwenye karatasi ya kura. Piga kura kama mtu ambaye hakuna aliyemfanyia lolote. Nyumba yetu haina tena ng'ombe wala haina mfano wa kuwapa watu. Ibaki na hilo tu.

Mbusu mtoto. Jina sitalitaja leo.

Léonie


Bunia, 1 Novemba 2006

Yaya,

Nashukuru kwa barua. Ya mtamba nimeyasikia. Nililia kidogo, halafu nikacheka, halafu Bénédicte akaniuliza kama ninaumwa.

Nilikwenda kuidai kadi kama ulivyosema. Ambroise alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti. Akaniambia, "Kadi yako iko salama, Baba Théodore." Sasa mtaa mzima unaniita hivyo. Baba Théodore, nipeleke sokoni. Baba Théodore, mwambie ndoyi wa mtoto atutengenezee barabara. Nilirudi bila kadi.

Jumapili alfajiri lori lilikuja. Walituita majina mmoja mmoja na kuturudishia kadi mkononi, kisha tukapanda. Bénédicte naye alipanda, na kidonda chake, na mtoto mgongoni kwa jirani. Tulipanga mstari shuleni kuanzia kabla ya jua mpaka karibu saa sita. Watu hawakuwa wengi kama Julai. Askari wa MONUC, wale wa Umoja wa Mataifa, walikuwa wamelala ndani ya gari lao.

Nikaingia kibandani. Karatasi ile ni kubwa, nikaitandaza yote. Ulisema kweli, mle ndani hakuna anayekuona. Nilimtafuta mwalimu wa Nyakasanza nikampata, amepigwa picha na shati la shule. Nikaifungua kalamu. Nilikuwa nimeamua, Yaya, naapa. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimemwambia Mungu.

Halafu nikamwona Théodore na kicheko chake, na mkono wangu ukaenda kwake.

Sikuogopa. Ningeogopa ningekuandikia kwamba niliogopa, ingekuwa rahisi. Nilifikiri tu kwamba siku kumi na tatu nilizunguka mji huu mzima nikigonga milango, na mlango uliofunguka ni wake. Najua alikuja kwa ajili ya picha. Lakini mke wangu alikuwa anaoza juu ya mkeka na yeye akaja. Wale wazuri wote hawakuja. Mwalimu wa Nyakasanza hakuja. Ningemnyima, mtoto akikua akaniuliza ndoyi wake ni nani, ningemwambia nilimfanya nini?

Nimekuandikia kwa sababu tumesema uongo wa kutosha sisi wawili.

Kadi walituachia, bariere sasa napita. Kesho naanza tena Marabo.

Anaclet


Blukwa, 6 Novemba 2006

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Sikukasirika, na hilo lenyewe limenishangaza. Labda nimechoka.

Miezi hii yote nimefundisha watu wajilinde na chumvi na woga. Somo la mtu mwenye shukrani sikuwa nalo, na katika kile kitabu walichotupa halimo. Nimejaribu kulitunga juma hili, kila nikianza nalifuta.

Huku kwetu walijitokeza wachache. Vile vijiji viwili nilivyoviacha, karibu hakuna mtu aliyeshuka kupiga kura, na hilo ni langu, sitampa Ambroise lawama yake. Dorothée alikuja. Alitembea kilomita nyingi na viazi vyake kichwani ili asipoteze siku ya soko. Alipotoka alinionyesha kidole chake chenye wino akasema, "Nimekuja juu yako, Madame. Siyo juu yabo ba propagande."

Parokia inaniuliza kama nitaendelea mwaka ujao. 

Endesha polepole Marabo.

Léonie


Bunia, 26 Novemba 2006

Mulamu wangu, Yaya Léonie,

Ni mimi Bénédicte. Usishangae. Sijui kuandika vizuri kama ninyi wawili, niliacha shule darasa la sita, lakini mume wangu haandiki siku hizi na wewe utafikiri kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Mtoto ananyonya, kidonda kimefunga.

Habari ni kwamba Théodore hakuchaguliwa. Walisoma majina redioni, lake halikuwemo, na la mwalimu wa Nyakasanza pia halikuwemo. Waliopita ni watu wengine walio na magari makubwa zaidi.

Juzi akaja Ambroise. Hakuwa na mpiga picha. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na mkokoteni akikusanya vitu walivyogawa. Kwa jirani alichukua mabati ambayo yalikuwa bado hayajapigwa misumari. Kwetu alitaka kikwembe nilichovalishwa siku ya picha, na tisheti. Nikampa. Nilikuwa nimevifua. Halafu akabaki amesimama, anakuna shingo, akasema, "Mama, kuko tena kitu ingine. Honorable anasema ile jina. Hatakuwa na nguvu ya kuangalia ma ndoyi yote. Mubadilishe ya mutoto, asikuye kumufwata kesho."

Anaclet alikuwa anatengeneza tairi nje, alisikia yote. Yaya, sijawahi kumwona mtu akibadilika sura hivyo. Hakusimama. Aliendelea kuzungusha ile tairi mikononi ingawa haikuwa na kazi tena.

Nikamjibu mimi. Nikasema, "Ambroise, jina siyo tisheti. Tumeliandikisha ku komini. Nililipa na tumbo yangu, na foto yangu, na siku kumi chini ku simenti. Mwambie asilifwate tena hapa." Akaenda na mkokoteni wake. Kwa hiyo mtoto anaitwa Théodore, na utanisamehe kwa sababu ya muzee Emery. Nikizaa mwingine tutaona, ila kwanza wacha nipumzike.

Tangu siku ile Anaclet halitamki hilo jina. Anasema "ule mutoto." Anakwenda Marabo, anarudi, anakula, analala. Mimi najua kinachomkula. Alimpa mtu yule kura yake kwa moyo, kama deni la heshima, na mtu yule ametuma mkokoteni.

Sasa nikuambie jambo ambalo yeye halijui. Siku ile tulipanda lori pamoja na kila mtu aliingia kibanda chake. Hakuniuliza nilichofanya. Wala wewe katika barua zako hukuuliza. Wote wawili mliandikiana kuhusu kura yake, na kadi yake, na ng'ombe wa baba yenu. Nilikuwa nasomewa, nanyonyesha, nasikiliza.

Mimi nilimpa mwalimu wa Nyakasanza. Sikufikiri sana. Anaclet anasema yule mtu alikuja, na ni kweli alikuja, nilikuwepo. Lakini Ambroise wake alipofika kwenye korido hakuuliza mgonjwa ni nani. Aliuliza nani ana mtoto wa kiume. Mwenzangu aliyelala upande wangu alikuwa na wa kike, wakamwambia asimame nyuma asizibe picha. Alikuwa na homa, wakamsimamisha hivyo hivyo. Nilipoitandaza ile karatasi nilimkumbuka yeye, nikaweka alama, nikatoka.

Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi, Yaya. Kura ya mume ilikwenda huku, ya mke ikaenda kule, zikalana. Nyumba yako haikumpa mtu kitu.

Usimwambie. Njoo Noeli ukae naye kwanza, umsaidie kulisema jina la mtoto wake. Mimi nitamwambia mwenyewe akipona.

Bénédicte